Udongo Niliounyamazia Nyalikungu

Bariadi, Jumapili, tarehe 12 Oktoba.
Leo ni miezi minane na siku nne tangu niondoke nyumbani.

Mwanangu Minza,

Kama sanduku lako limefunguliwa kwa sababu ya maneno yangu ya Jumapili iliyopita, lifunge tena. Kwenda utakwenda. Linalonikaba ni lile la pili, la fomu, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Simu nimepiga mara mbili tangu jana. Mara zote mbili nilimwuliza mama yako habari za mvua, akanijibu habari za mvua, tukaagana.

Naandika kwenye daftari la mahudhurio ya vibarua, kurasa za nyuma ambazo hazina kazi. Injinia wetu amekubali kuzipiga picha moja moja na kuzituma kwenye simu ya mjomba wako, kwa kuwa hapo nyumbani mwenye simu ya kupokea picha ni yeye peke yake. Kwa hiyo hata barua ya baba kwa mwanawe lazima ipite kwanza kiganjani kwa Mwalimu Sitta. Shemeji, kama unaisoma kabla yake, umeshaisoma. Sifuti kitu.

Mambo ya kuangalia mzigo kwenye basi na kutokula vya watu usiowajua mama yako ameshakuambia, na angekuambia hata kama ungekuwa unakwenda kwa jirani. Hayo namwachia.

Nianze na ile simu. Uliniambia kwamba kwenye usaili wa chuo cha maji walikuuliza kwa nini mabomba ya majitaka yanaharibika chini ya ardhi, na kwamba ulijibu vizuri mpaka mmoja wao akatabasamu. Nilikuwa nimesimama kando ya mtaro, nikapaza sauti wenzangu wasikie, "Ehe, uliwajibu nini?"

"Nilijibu kama mjomba alivyonifundisha, baba. Alisoma kwenye simu, tukaandika pointi saba."

"Mjomba wako amewahi kuingia kwenye chemba?"

Ukacheka. Ulidhani ni utani. Kisha ukaleta habari ya fomu, kwamba siku ya kuripoti mzazi au mlezi anasaini mbele ya ofisa wa chuo, na mjomba atakusindikiza mpaka Dar asaini yeye. Hapo ndipo nikasema lile neno: "Fomu hiyo ataisaini baba yako, au haitasainiwa."

Mama yako akakunyang'anya simu. "Baba Minza, wewe uko Bariadi sisi tuko Mpanda. Mkono wako unafika Dar?"

"Basi asubiri."

"Asubiri mpaka lini? Chuo kinamsubiri nani?"

"Ataenda mwakani."

"Una wivu na ndugu yangu," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayesoma bei dukani.

Nikakata simu. Kesho yake nilimwambia ulikuwa mtandao. Haukuwa mtandao.

Ndiyo, nina wivu. Nimekuwa nao muda mrefu, na wewe hukujua kwa sababu mimi huufunika kwa ukali. Unaikumbuka Krismasi ile ulipokuwa na miaka kumi na moja? Nilishuka kwenye basi, mjomba wako amekuja kunipokea na baiskeli. Nikakuona unatoka nyumbani mbio. Nikatua begi, nikafungua mikono. Ukapita ubavuni mwangu ukamrukia yeye shingoni, unampungia karatasi ya hesabu. Halafu ukarudi kwangu, ukapiga goti vizuri, ukaniamkia, "Mwangaluka baba." Watu wa basini wakasifu, mtoto ana adabu. Mimi ile adabu iliniuma wiki nzima. Mgeni ndiye anayepigiwa goti.

Hata mwandiko wako ni wake. Herufi ya g unaipinda mkia kama yeye, nimeiona kwenye zile barua za shule ulizokuwa ukiniandikia. Niliwahi kukaa na karatasi yako natafuta herufi moja inayofanana na zangu, nikakosa.

Na nikuambie lingine, ingawa si zuri baba kuliandika. Wewe mwenyewe nakuonea wivu. Utakaa kwenye kiti, kivulini, mtu atasimama mbele yako akueleze kwa nini bomba linakufa. Mimi nimejua kwa kuingia ndani na tochi mdomoni. Ulipotaja zile pointi saba nilitaka kukuuliza ni zipi, nikaona nikiuliza nitakuwa mwanafunzi wa Sitta. Basi nami nikueleze ninayoyajua, ingawa usaili umeshapita.

Mwezi huu tumefukua bomba la zege nyuma ya nyumba za watumishi hapa Bariadi. Ni la zamani, limewekwa kabla hujazaliwa. Watu hudhani bomba la majitaka huoza chini, pale uchafu unapopita kila siku. Chini lilikuwa zima, linateleza kama kikombe. Palipoliwa ni juu, kwenye dari lake, ambako maji hayafiki. Nilibonyeza kwa kucha, kucha ikazama. Zege limekuwa laini kama pemba, ule udongo wanaotafuna wajawazito.

Inatokana na maji kusimama. Majitaka yakitembea hayana neno. Yakisimama yanaoza, yanatoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi inapanda, inakuta dari lina unyevu, na kwenye ule unyevu inageuka tindikali. Inakula pole pole, miaka na miaka, na aliye juu hajui, mpaka dari linabaki jembamba kama kigae. Halafu msimu wa pamba lori lenye marobota linapita, ardhi inadidimia, watu wanasema lori limevunja bomba. Lori limemalizia tu.

Mizizi nayo. Watu wa huku hupanda mwarobaini mahali palipo wazi, na palipo wazi ndipo sisi tulipopitisha bomba. Mzizi unaingia kwenye maungio ukiwa mwembamba kama unywele. Ukishapata kunywa unanenepa, unasukuma, unaziba. Nimewahi kuvuta mkia wa mizizi mrefu kuliko wewe.

Lakini maji yanaanza kusimama kwa nini, wakati tuliliweka na mteremko wake, tukapima kwa kamba na pima maji? Kwa huku Simiyu nakujibu bila kusoma popote: ni udongo. Wewe umezaliwa Mpanda, babu yako alikohamishia ng'ombe, hujaujua udongo mweusi wa Mwamapalala nilikozaliwa mimi. Tunauita mbuga. Kiangazi unapasuka, nyufa zinameza mguu wa ndama. Mvua zikija unakunywa, unavimba, unainua kila kitu kilicho juu yake na ndani yake. Babu yako alilima mpunga humo, lakini hakujenga humo hata banda la kuku. Nyumba aliiweka juu kwenye luseni, ule udongo wa mchanga. Alikuja mfanyabiashara mmoja mgeni akajenga ghala lake mbugani, wazee wakamwambia, akasema saruji ni saruji. Mwaka wa pili ufa ulitoka dirishani hadi kwenye msingi, na sisi watoto tukawa tunapitisha mikono kuchota karanga zake.

Sasa bomba likizungukwa na udongo huo, linafanyiwa hivyo kila mwaka. Kiangazi udongo unajivuta na kuliacha linaning'inia, masika unalibana na kulisukuma juu. Linakuwa na vilima na mabonde. Maungio yanaachana. Ndiyo maana mtaro wa mbugani unachimbwa zaidi, unatandikwa mchanga chini na pembeni, na juu inarudishwa moramu ya changarawe, inayoshindiliwa kidogo kidogo. Ule mweusi uliotoka haurudi, unapelekwa mbali. Hilo nililijua kabla sijajua kushika pima maji, na huku nikilijua ndipo nilipofanya ubaya ambao hata mama yako hajawahi kuusikia.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikwenda Nyalikungu, Maswa, kuweka bomba la majitaka la shule moja ya bweni. Foremani wetu wa zamani aliondoka, na kila mtu alijua anayefuata ni mimi. Mkandarasi akamchagua Limbu. Limbu ni mtoto wa wavuvi wa Lamadi. Kuvuta kamba ya mteremko nilimfundisha mimi, lakini yeye alimaliza kidato cha nne na ramani anaisoma, mimi niliishia darasa la tano nikapewa fimbo ya ng'ombe. Alipewa buti mpya na kofia nyeupe. Kuanzia siku hiyo nilikula chakula cha mchana nimempa mgongo.

Tulipofika kwenye kufukia, mchanga haukutosha, na lori la kuleta mwingine lilikuwa limekwama njiani na spea haijapatikana. Limbu akaokota bonge la udongo mweusi, kavu la kiangazi, akaligonga kwenye chepe. Likalia kama jiwe. Kwa mtu wa ziwani, aliyezoea mchanga unaokimbia vidoleni, bonge lile lilikuwa bora kuliko moramu.

"Kaka Maduhu," akaniita, "wewe ni mtu wa mbuga. Udongo huu tukiurudisha una neno?"

"Mwenye kofia ni nani?" nikamjibu.

Wenzangu wakacheka mtaroni.

"Nakuuliza wewe, kaka."

"Ramani inasemaje?"

"Ramani haijataja udongo."

"Sasa kama ramani haijataja, mimi wa darasa la tano nitataja nini?"

Wakacheka tena, nami nikacheka, mmoja akapiga mpini wa sululu kama ngoma. "Foremani kajibiwa leo!" Limbu naye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyevuliwa nguo, akasema, "Haya, rudisheni." Na chepe la kwanza lililorudisha udongo ule lilikuwa langu.

Masika ya kwanza hakikuonekana kitu. Masika ya pili maungio yalikuwa yameshaachana. Maji ya mvua yakawa yanaingia ndani ya bomba, na kila yakiingia yanabeba udongo kidogo, yanaondoka nao. Chini pakawa pango. Juu majani yaliota vizuri kuliko mahali pengine popote pale shuleni, maana yalikuwa yananyweshwa na ule uvujaji. Asubuhi moja mpishi wa shule, wanamwita Mama Ngolo, alipita hapo na ndoo ya maji kichwani. Ardhi ikamshusha hadi kifuani. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Tulipoitwa kufukua tulimkuta kwenye benchi la jikoni, mguu umefungwa, amekataa kukaa nyumbani. Akaagiza tupewe uji. "Asanteni kwa kuja, wanangu," akatuambia. "Mngechelewa angetumbukia mtoto wa watu." Nikaupokea uji wake. Nikaunywa wote.

Limbu aliondolewa kazini siku hiyo hiyo. Hakunitaja. Alikabidhi kofia na buti akapanda gari la kwao, na buti hizo nikapewa mimi. Zilinibana vidole. Nikazivaa mpaka zikaisha.

Sijui kama vitabu vyenu vimeandika kwamba bomba huharibiwa pia na mtu aliyejua akanyamaza. Mimi nimelifukua bomba la namna hiyo kwa mikono yangu.

Nisingekuandikia haya kama wiki hii isingekuwa vile ilivyokuwa. Injinia wetu hapa ni binti, hajakuzidi sana. Jumatano alisimama ukingoni na makaratasi yake, na mtaro tuliomo ni mbuga tupu.

"Baba," akasema, "nikiagiza udongo huu huu urudishwe, utanishauri nini?"

Nilikuwa bado na hasira ya simu, nimewakasirikia wewe na mjomba wako. Na jibu lilishafika kwenye ulimi: mwenye kofia ni nani? Maneno yale yale, mayu, mama yangu. Nililisikia kabla sijalitamka. Nikakohoa, nikasingizia vumbi.

"Usiurudishe," nikasema. "Agiza mchanga."

"Kwa nini?"

Nikamweleza mpaka jua likatuhamisha. Ndama, karanga, nyufa, yote. Aliandika. Mwisho akasema, "Baba, haya chuoni tuliambiwa kwa mistari miwili tu." Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa. Kisha furaha ikanigeukia, maana nilimkumbuka Limbu, aliyeniuliza swali hilo hilo kwa adabu hiyo hiyo.

Jana nikaomba ruhusa nikaenda Lamadi. Siku hizi anakaanga samaki kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama. Amenenepa. Aliponiona alifurahi, akanifutia kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema.

Aliendelea kugeuza samaki. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu nilipokuuliza?"

"Tangu kabla hujauliza."

Akamhudumia abiria mmoja, akamfungia samaki, akamtania kidogo. Abiria alipoondoka akarudi kwangu, sauti ile ile. "Mwanangu mkubwa aliomba kusomea ufundi. Nikamkatalia. Nilimwambia kichwa cha kazi hiyo ukoo wetu hatuna, mimi niliangusha shule ya watu."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko ziwani."

Nikamwomba radhi. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Yangu subiri kwanza. Mama Ngolo umemwambia?"

"Bado."

"Ahaa. Umeanza na aliye karibu na stendi." Akaokota samaki mmoja, akamfunga kwenye gazeti, akanisukumia kifuani. "Kula njiani. Nenda, basi lako hilo linapiga honi."

Samaki nilirudi naye mpaka hapa Bariadi, sikuweza kumla. Njia nzima niliwaza jambo moja. Yule kijana hakusoma kwa sababu ya mdomo wangu, na sijawahi hata kumwona uso. Na Jumapili nilikuwa nimeshasema wewe usubiri mwakani, kwa mdomo huu huu, kwa ugonjwa ule ule, na safari hii si mtoto wa mtu mwingine.

Mayu, mjomba wako asaini.

Nitakuwa mwongo nikisema hainiumi. Nikimfikiria anashika kalamu, ofisa anamwita "mzazi", na yeye haharakishi kumsahihisha, moyo unanipanda hata sasa ninavyoandika. Wivu haujaisha, na sikuahidi kwamba utaisha kabla basi lenu halijaondoka. Lakini jioni zile za hesabu alikaa na wewe yeye, mimi nikiwa kwenye mitaro ya watu. Ulipougua homa ile ya siku tano alikubeba yeye. Aandike jina lake kamili, asilibane pembeni kama mtu aliyeazima nafasi. Langu lipo juu kwenye karatasi hiyo hiyo, nyuma ya lako, Minza Maduhu. Nimeliandika hapa daftarini, nikalitazama hilo jina muda mrefu leo baada ya misa, na limenitosha.

Huko chuoni watakufundisha mengi kuhusu ardhi, na utayapata kwa urahisi kuliko nilivyoyapata mimi. Atakuja mtu atakuuliza unachokijua, na siku hiyo atakuwa amepewa kile ulichokitaka wewe. Nami sina la kukufundisha hapo, nilishindwa. Nakuomba tu usije ukacheka kama nilivyocheka pale mtaroni.

Kazi hii tunaifunga kabla mvua hazijashika. Tukishaifunga siji nyumbani moja kwa moja. Nitashukia Nyalikungu, nimtafute Mama Ngolo, na akitaka niende naye mbele ya uongozi wa shule nitakwenda. Sijui atanipokeaje, na sijui nitakaa siku ngapi. Baada ya hapo nitapita tena Lamadi. Nimeweka siku za kutosha kwa yote hayo, na Mpanda mnitegemee Jumamosi ya tatu ya Novemba, kwa basi la jioni. Wewe utakuwa darasani, nyumbani nitamkuta mjomba wako. Mwambie siku hiyo asinianze kwa salamu. Nitamwamkia mimi.

Ni mimi baba yako,
Maduhu